Ukoko wa Chungu cha Fisi

Hapo zamani za kale, wakati Fisi alikuwa bado hajajifunza kuona haya (na hadi leo, wanangu, somo hilo linamshinda), wanyama walikuwa na nyumba zao, meko yao, na majirani wa kugombana nao. Asubuhi walisalimiana, jioni waliombana chumvi, na aliyeunguza mboga alijulikana mtaa mzima.

Kando ya mto, karibu na Bwawa la Matete, palikuwa na nyumba ndogo ya udongo. Humo aliishi Nguchiro na bibi yake. Nguchiro mnamjua: mwili mwembamba, mkia mrefu, miguu mifupi yenye haraka, na macho yanayozunguka huku na huku kama ya mtu aliyepoteza sindano. Bibi ndiye aliyemlea tangu hajafumbua macho hayo. Na kama walivyo mabibi wa kwetu, alimwita mjukuu wake "mume wangu".

"Mume wangu, kuni ziko wapi?" Bibi angeuliza. "Au nimeolewa na kivuli?"

Nguchiro hucheka, kisha huenda kuleta kuni.

Bibi alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja, nalo ni chakula. Nguchiro akipika, Bibi huonja, hukunja uso, kisha husema neno moja tu: "Chumvi." Ikipungua, chumvi. Ikizidi, chumvi. Ikiwa sawasawa, Bibi hutafuna kwanza, hufikiri, halafu ndipo aseme chumvi. Nguchiro alikuwa akinuna kila siku. Kumbe binadamu na wanyama ni wale wale, hatujui utamu wa kelele ya nyumbani mpaka inyamaze.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, Bibi aliugua homa. Homa ilikuja, ikakaa, ikaondoka. Lakini ilipoondoka, iliondoka na hamu yake ya kula.

Majirani wakaja kumjulia hali, hawakuja mikono mitupu. Kima alileta ndizi mbivu, maana Kima anapenda ndizi. Nungunungu alileta viazi vitamu, maana Nungunungu akiona kiazi husahau hata jina lake. Nguchiro mwenyewe alikaanga panzi wanono hadi wakalia kachu kachu, akawaweka kwenye sahani nzuri, akawasogeza kitandani.

Bibi alishukuru kila mtu. Alionja kidogo, kisha akasukuma sahani.

"Panzi wamekosa nini, Bibi?"

"Hawajakosa kitu, mume wangu. Wazuri sana."

Hakusema chumvi. Nguchiro akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba, akalia. Aliogopa kwelikweli.

Alipojifuta machozi alirudi ndani. "Bibi, tangu unaumwa kila mtu anakuletea, na hakuna aliyekuuliza. Hebu niambie, wewe unataka nini?"

Bibi akavuta shuka hadi kidevuni, kama aliyeona haya kuomba. "Mchuzi wa ningu," akasema. "Ule mwepesi, wa ndimu. Ningu wa mvua za kwanza. Nikipata ule, nadhani koo litafunguka."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye shida yenyewe.

Ningu ni samaki wa mtoni, mnene, wa magamba makubwa, mwenye mdomo laini usio na meno. Mvua za kwanza zikinyesha, ningu hupanda mto na kuingia bwawani. Na nchi ile ilikuwa na desturi yake. Ningu wa kwanza wa mwaka aliitwa limbuko, na kumtoa majini ilikuwa haki ya mwenye bwawa. Limbuko likitoka, mwenye bwawa huonjesha kwanza mzee au mgonjwa asiyeweza kufika mtoni, ndipo naye akala. Baada ya hapo bwawa ni la wote. Lakini kabla limbuko halijatoka, mwiko kwa mtu mwingine kutia ndoano, wala wavu, wala mgono wa kutegea samaki.

Mwenye bwawa alikuwa Nyati. Nyati hakuwa mbaya. Alikuwa mkubwa, mzito, na mvivu wa kufikiri, basi kazi ya kufikiri alimwachia rafiki yake Fisi. Na Fisi alikwisha kumnong'oneza: "Mzee, mambo ya kuonjesha wagonjwa yamepitwa na wakati. Mwaka huu limbuko tulile sisi wawili, tena taratibu." Nyati alitikisa kichwa, kwa kuwa kukubali ni kazi nyepesi kuliko kubisha.

Mvua ikanyesha. Ningu wakaingia bwawani. Nguchiro akaenda mbio.

Aliwakuta wakubwa wawili ukingoni, wamezungukwa na vifaa vya kuvulia. Fisi alikuwa ameshika ndoano ya chuma, nene, iliyopinda kama mkono wa mhunzi aliyeitengeneza. Kando yake palikuwa na kamba ya kufungia fahali na gogo zima la kuwa boya.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," alisema Nyati. Fisi hakuitikia, alikuwa akivuta kamba kuipima nguvu.

"Mzee Fisi, ndoano hiyo unamvulia ningu au mamba?"

"Samaki mkubwa, ndoano kubwa," akajibu Fisi. "Hilo halihitaji shule."

"Lakini ningu hamezi, Mzee. Ananyonya. Mdomo wake laini. Ananyonya kidogo, anatema, ananyonya tena. Ndoano hiyo ataigonga kwa paji la uso aondoke zake."

"Wewe umeshaongea na ningu?"

"Huwa naosha vyungu mtoni. Nikitia mkono majini, ukoko wa ugali ukaelea, wanakuja kuninyonya vidole. Kwa hiyo ndoano ndogo, ya mwiba tu. Mshipi wa uzi wa katani. Na chambo, ukoko uliolowa."

Fisi aliangua kicheko, kile chake cha kwikwi, hadi akashika ubavu. "Ukoko! Mzee Nyati umesikia? Limbuko la bwawa lako tulialike kwa takataka za chungu!" Kisha akafungua jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na mfupa wa paja, wenye nyama na mafuta ya kung'aa. Mate yalimdondoka, to, to, to, akayafuta haraka. "Chambo ni hiki. Nani duniani atauona mfupa huu apite?"

"Mimi," alisema Nyati. "Mimi nitapita. Chambo ni nyasi changa, zile za umande. Ukizikanyaga tu unasikia harufu ya asubuhi."

"Nyasi? Samaki ni ng'ombe?"

"Na mfupa? Samaki ni mbwa?"

Wakabishana mpaka jua likasogea. Mwishowe wakapatana kufunga vyote viwili, mfupa chini na tita la nyasi juu. Nyati akazungusha kamba mara mbili na kuirusha. Chubwiii! Maji yakaruka hadi kwenye matawi ya miti, na kila ningu aliyekuwa karibu akakimbilia upande wa pili wa bwawa.

Nguchiro akaona amejaribu ukweli umekataliwa. Akajaribu kuomba.

"Mzee Nyati, Bibi yangu hali kitu. Nakuomba, limbuko likitoka, mmwonjeshe mchuzi kidogo tu, hata wa kikombe."

Nyati akafungua mdomo. Lakini Fisi alimwahi. "Limbuko likitoka tutaona. Kwa sasa ondoa kivuli chako kwenye maji, unatutishia samaki."

Basi mtoto wa watu akarudi nyumbani. Usidhani alikuwa ameshindwa. Miguu ilikuwa inarudi nyumbani, ila kichwa kilibaki bwawani kikitafuta mlango.

Siku zikapita. Wakubwa hawakupata kitu. Kila Nyati akisinzia, Fisi huvuta kamba polepole, hutazama kushoto, hutazama kulia, kisha huutafuna mfupa wake mwenyewe. Nyati akiamka, Fisi hupiga kelele, "Ameula! Ameula chambo! Mkubwa huyo, nimeona mgongo!" Kisha hufunga mfupa mwingine. Nguchiro aliyaona hayo yote kutoka kwenye matete, na hata alipokuwa na huzuni alibana kicheko.

Huku nyumbani Bibi alizidi kupungua. Shuka lilikuwa likimficha mzima mzima. Asubuhi moja hakuuliza kuni.

Siku hiyo Nguchiro alikaa kwenye matete akitazama, na kilichomvutia macho hakikuwa ndoano wala kamba. Kilikuwa chungu.

Fisi alikuwa na chungu chake cha ugali, cheusi, chenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Alikifinyangisha hivyo makusudi, ili apitaye njiani asiweze kuchungulia kilichomo. Ubaya wa chungu cha namna hiyo ni kwamba mwiko haufiki pembeni. Kila akisonga ugali, unashika chini na ubavuni, na ukoko unakuwa mnene kama gome. Na kwa kuwa Fisi alikuwa akipika hapo ukingoni kila siku wala hakupenda kuosha, ukoko ulikuwa umepandana, wa jana juu ya wa juzi.

Nguchiro akatikisa mkia. Akajipangusa matope, akatoka.

"Shikamooni wazee. Poleni kwa kazi."

"Marahaba," Nyati akajibu kwa unyonge. "Kazi haina matunda."

"Nimeona mnahangaika na uvuvi na huku vyombo vinawasubiri. Kijana nipo sina kazi. Nipeni hicho chungu niwaoshee."

Fisi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Unataka nini?"

"Nitake nini mimi? Mzee mwenyewe unajua desturi ya vyungu."

"Desturi gani?"

"Ya masalio. Kilichobaki chunguni ni cha nani?"

Fisi akacheka, maana sasa alidhani ameelewa. Kumbe kadogo haka kana njaa, kanataka ukoko! "Cha mwoshaji," akasema kwa sauti ya ukarimu. "Tangu enzi za babu zetu. Kilichomo chunguni ni cha mwoshaji. Guguna mpaka meno yachoke."

"Mzee Nyati umesikia?"

"Nimesikia," alisema Nyati. "Kilichomo chunguni ni cha mwoshaji. Hata mama yangu alikuwa akituambia hivyo, na tulikuwa tukigombania."

Nguchiro akakiinamia chungu, akagonga ukoko kwa ukucha. Ko, ko, ko. Akasikitika kama fundi. "Huu wazee hauoshwi leo. Umeshika. Huu wa kulowekwa."

"Kiloweke," alisema Fisi.

"Majini kabisa? Pale kwenye jiwe langu?"

"Kiloweke hata mwaka mzima. Ila kisivunjike, nitakuvunja na wewe."

Haya, wanangu, hesabuni wenyewe. Ndoano ilikatazwa. Wavu ulikatazwa. Mgono ulikatazwa. Tangu dunia iumbwe, nani amewahi kukataza mtu kuloweka chungu?

Nguchiro akaomba kipande cha kamba ili chungu kisichukuliwe na maji. Nyati akamkatia. Akakifunga shingoni, akakibingirisha hadi kwenye jiwe lake la kuoshea, mbali kidogo na kelele za wakubwa, akakizamisha polepole. Hakukitupa. Alikishusha kama unavyomlaza mtoto aliyelala. Bulu, bulu, bulu, hewa ikatoka, chungu kikakaa kwenye matope, ubavu chini, mdomo ukiangalia maji.

Akaketi. Akashika kamba kwa vidole viwili.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ukoko ukaanza kulainika na kupeperusha unga mweupe majini. Wakaja vidagaa. Vidagaa wakatawanyika. Kamba ikatikisika kidogo, tiki. Ikatulia. Tiki. Ningu alikuwa akinyonya mdomoni mwa chungu, akitema, akinyonya tena.

Vidole vya Nguchiro vilitamani kuvuta. Moyo ulikuwa ukimwambia vuta, Bibi anakungoja. Lakini alijua kuwa ukoko mtamu uko chini kabisa, pale mwiko usipofika, na ningu naye angependa kujua hivyo. Akavumilia. Akamfikiria Bibi na sahani ya panzi. Akavumilia tena.

Halafu kamba ikashtuka, du! Chungu kizima kikasogea. Ningu alikuwa ameingia mzima mzima, na kwenye tumbo lile pana alikuwa akizunguka asiuone mlango.

Nguchiro akavuta upesi hadi mdomo wa chungu ukatazama juu, akaruka majini, akaufunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa kamba. Kisha akajaribu kukinyanyua. Akajaribu tena. Chungu kilikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na mnyama mzito kuliko yeye. Akakuna kichwa, halafu akatabasamu.

"Mzee Nyati!" akaita. "Chungu kimelowa kimekuwa kizito, na mimi mikono ndiyo hii unayoiona. Naogopa kukivunja. Nisaidie kukitoa majini."

"Nenda, Mzee," alisema Fisi upesi, kwani Nyati akiondoka angebaki yeye na mfupa. "Chungu changu kisipasuke."

Nyati akashuka, akapitisha pembe kwenye kamba, akakinyanyua kwa shingo moja. Chungu kikatoka majini kikidondoka maji, na Nyati hata hakupumua kwa nguvu.

"Nikitue wapi?"

"Samahani, Mzee. Ukoko huu unataka kusuguliwa na majivu, na majivu yako nyumbani. Si mbali."

Nyati alikuwa amechoka kukaa. Wakaenda pamoja, mmoja kama mlima, mwingine akikimbia miguuni pake. Njiani chungu kikaanza kupiga. Kubu. Kubu, kubu.

"Mbona kinagonga?"

"Ukoko huo, Mzee. Ukilowa hubanduka."

"Ukoko una nguvu huu," alisema Nyati.

"Wa Mzee Fisi ndivyo ulivyo. Anapika kwa moto mwingi."

Walipofika, Nyati aliingiza kichwa mlangoni, pembe zikakwama. Akabaki hivyo, kichwa ndani, mwili nje, chungu kikining'inia mbele ya pua yake. Ndani palikuwa na giza kidogo. Kitandani alimwona Bibi, mdogo kuliko alivyokuwa akimkumbuka.

Bibi akafumbua macho. "Nani huyo amenizibia mwanga?"

"Mimi, Bibi. Nyati. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu, japo naona umeshakaribia nusu." Bibi akanyoosha mkono mwembamba, akamgusa chini ya sikio. "Bado yanakuwasha?"

Alipokuwa ndama, kupe walikuwa wakimjaa masikioni hadi anakosa usingizi, na Bibi huyu ndiye aliyekuwa akija kila jioni kumtoa mmoja mmoja, huku akimsimulia hadithi ili asilie. Alikuwa amesahau. Ukubwa unasahaulisha, wanangu, kama usipoangalia.

"Yanawasha, Bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Yanawasha kidogo."

Hapo ndipo ningu alipopiga mkia kwa nguvu zake zote. Paa! Jani likachomoka, maji yakamrukia Nyati usoni, na kichwa cha ningu kikatokeza, kinapiga miayo kwa mdomo wake laini.

"Nguchiro," alisema Nyati. "Huu si ukoko."

Nguchiro angeweza kupita katikati ya miguu ya Nyati akakimbia, njia aliiona. Hakukimbia. Alisimama mbele ya kitanda cha Bibi.

"Si ukoko, Mzee. Nimekudanganya. Nilisema kweli nikachekwa, nikaomba nikafukuzwa, ndipo nikadanganya. Ukitaka kunikanyaga nikanyage, lakini ngoja kwanza nimpikie, kisha nitatoka mwenyewe."

Kabla Nyati hajajibu, Fisi akafika anahema, mafuta ya mfupa yakimng'aa kidevuni. Hakuweza kuingia, mlango ulikuwa umejaa Nyati, basi akapiga kelele nyuma yake. "Mwizi! Nasikia harufu ya ningu! Limbuko letu! Kadogo kamevua kabla ya mwenye bwawa!"

Nyati alifikiri. Ilimchukua muda, hakuwa na mazoezi. Lakini alipoanza, alifikiri yeye mwenyewe.

"Fisi," akasema bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka, "huyu ningu, nani amemtoa majini?"

Fisi akafuta mafuta kidevuni.

"Mimi nimemtoa. Kwa pembe hizi. Basi limbuko limetolewa na mwenye bwawa, kama desturi inavyotaka. Na yuko ndani ya nini?"

"Ndani ya chungu changu!"

"Na kilichomo chunguni ni cha nani?"

Kunguru akalia mahali.

"Ulisema wewe, nikasikia mimi. Cha mwoshaji. Na limbuko huonjeshwa kwanza mgonjwa asiyeweza kufika mtoni. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto, nikakubali kulisahau. Aibu ni yangu." Akamtazama Nguchiro. "Umenidanganya, mjukuu. Safari nyingine niambie tena, na nisiposikia, panda unipigie kelele sikioni."

"Masikio yenyewe makubwa, Mzee, nitaenea humo," alisema Nguchiro, na machozi yakimtoka alianza kucheka.

Fisi akamvuta Nyati kwa nje, Nguchiro akamsukuma kwa ndani, pembe zikachomoka pamoja na kipande cha ukuta, akaahidi kuleta udongo. Nguchiro akaparua magamba, akawasha moto. Mchuzi mwepesi, wa ndimu, vitunguu vichache, na majani ya mboga mwishoni kabisa. Akapikia chungu kilekile cha Fisi. Harufu ikatoka nje, ikamkuta Fisi amekaa chini, mkia umelala, mate to, to, to.

Bakuli la kwanza lilikwenda kitandani. Nguchiro akamwinua Bibi, akamwegemeza kifuani pake, kama Bibi alivyokuwa akimwegemeza yeye zamani. Bibi akapuliza. Akanywa funda moja. Koo likafanya kazi yake. Akanywa la pili. Akatafuna kipande kidogo cha samaki, polepole, akitoa mwiba kwa ulimi.

Nyati alikuwa akichungulia dirishani.

Bibi akashusha bakuli. Akakunja uso.

"Mume wangu," akasema, "chumvi."

Nguchiro akamkumbatia Bibi yake na bakuli lake, mchuzi ukamwagika shukani, akalia kwa sauti, na Bibi akamgombeza kwa kumwaga mchuzi, na kumgombeza huko kukazidi kumliza. Kisha akaenda kuleta chumvi.

Siku hiyo bwawa likawa la wote. Nguchiro aliwafundisha jirani zake kuvua kwa mwiba na uzi wa katani, na Nyati akachukua uvuvi wa ukoko kama mtu aliyezaliwa nao, ilimradi mtu mwingine amshikie uzi. Na Fisi? Alikuja baada ya wote kula, akauliza kwa upole kama kuna kilichobaki. Nguchiro akampa chungu chake mwenyewe na kiganja cha majivu.

"Kipo kidogo chini, pale mwiko usipofika," akamwambia. "Kioshe, Mzee. Kilichomo ni chako."

Hadithi yangu imefika ukokoni, anayetaka na agugune. Mie nasema hivi tu: ukitaka kumpata samaki au kumponya umpendaye, mpe anachokipenda yeye, si unachokipenda wewe.